Kalamu imeinuliwa kwa bibi, haijainuliwa kwetu

KIKAO cha kupanga arobaini ya bibi yetu kilikaa barazani kwake, hapa Chikongola, Mtwara mjini, Ijumaa moja baada ya swala ya Alasiri. Mjomba mkubwa alikuwa na daftari. Akatusomea michango ya wajukuu walioko Dar es Salaam, ya walioko Masasi, ya jamaa wa Msangamkuu na ya sisi tuliopo hapa hapa mjini. Jumla ilikuwa shilingi 1,340,000. Ikapigwa hesabu ya mchele, nyama, mafuta, kuni na bahasha za wasomaji. Mambo yalikwenda vizuri mpaka mjomba alipouliza kama kuna mwenye neno.

Mama mdogo, ambaye ndiye aliyeishi na bibi mpaka siku ya mwisho, alikuwa amekaa mlangoni na wanawake wenzake. Hakusimama wala hakupaza sauti. Alisema: "Kaka, sanda mliichanga kwa saa moja. Arobaini mmeichanga kwa wiki moja. Mimi niliwaomba pampasi za mama kwa miaka minne."

Hakuna aliyejibu. Mjomba alifunga daftari, akalifungua tena. Ndipo binti yake mama mdogo, ambaye ni mwalimu, alipotoa rai kwamba chakula kipunguzwe, na fedha itakayobaki itolewe sadaka kwa jina la bibi kwa ajili ya wazee wenye maradhi aliyokuwa nayo bibi. Rai ile ilizua mabishano yaliyodumu hadi adhana ya Magharibi. Wapo waliosema ni jambo jema. Wapo waliosema ni mambo ya kuiga Wazungu. Na yupo aliyesema kwamba kuitangaza maradhi ile ni kumvua nguo bibi akiwa kaburini.

Ndugu msomaji, nimeona niyaandike mabishano haya kwa sababu naamini si ya nyumba yetu peke yake. Miji yetu imejaa familia ambazo zimepitia hili, au zinalipitia hivi sasa nyuma ya mlango uliofungwa.

Maradhi yenyewe

Yalianza kwa mambo madogo. Mchuzi ukatiwa chumvi mara mbili. Bibi akaswali Adhuhuri, akakunja mswala, kisha baada ya robo saa akautandika akaswali tena Adhuhuri ile ile. Tukacheka. Mwaka uliofuata akaanza kumuuliza babu yuko wapi, na kila alipoambiwa kuwa babu alikwisha kufariki alilia msiba upya, kana kwamba habari ndiyo kwanza imefika. Mama mdogo akajifunza kumjibu: "Katoka kidogo, mama."

Baadaye akaanza kutoka usiku. Alikuwa akisema anawahi treni ya Nachingwea. Vijana wengi wa leo hawajui kwamba Mtwara iliwahi kuwa na treni. Reli ile iliwekwa na Waingereza kwa ajili ya mpango wao wa karanga ulioanza mwaka 1947 na kuanguka ndani ya miaka michache, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikafungwa. Bibi aliipanda akiwa msichana. Alikuwa hajui jina la mjukuu aliyemshika mkono, lakini sauti ya treni ile bado alikuwa nayo.

Alfajiri moja alikutwa uani kwa watu, mtaa wa mbali, kanga imemdondoka. Vijana walikwisha kumzunguka. Neno lililokuwa likisemwa pale kila mtu wa nchi hii analijua: mchawi kaanguka. Mmoja alikuwa na tofali mkononi. Mzee aliyekuwa akitoka msikitini kuswali Alfajiri ndiye aliyemtambua, akavua koti lake akamsitiri, akawaambia wale vijana: "Huyu ni mama yenu, amepotea njia." Lau mzee yule angechelewa kwa nyuradi zake dakika tano, sijui leo ningekuwa naandika nini.

Nasema haya kwa kuwa nchi yetu ina historia ya kutisha katika jambo hili. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kimeripoti kwa miaka mingi mauaji ya wazee, wengi wao wanawake, wanaotuhumiwa uchawi. Ni wangapi kati yao walikuwa na kosa moja tu, la kusahau njia ya kurudi nyumbani?

Sisi tuliita uzee. Kwenye zahanati moja tulikompeleka tuliambiwa vivyo hivyo: "Ni uzee tu, mrudisheni nyumbani." Lakini si uzee tu. Wataalamu wanauita ugonjwa huu demensia, na aina yake iliyo kubwa zaidi inaitwa Alzheimer, kwa jina la daktari wa Kijerumani Alois Alzheimer, ambaye mwaka 1906 alieleza mbele ya madaktari wenzake habari za mwanamke aliyemtibu mjini Frankfurt. Mwanamke yule alipoletwa hospitali alikuwa na miaka 51. Huo si uzee. Ni ubongo unaoharibika, kama ambavyo figo au moyo huharibika.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 watu milioni 57 duniani walikuwa na demensia, na zaidi ya asilimia 60 yao wanaishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani nchi kama yetu. Hapa Tanzania, utafiti uliofanyika wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, na kuchapishwa mwaka 2013, uliwahusisha wazee 1,198 wenye miaka 70 na kuendelea, ukakuta kuwa takriban sita katika kila mia wana ugonjwa huu. Hebu wahesabu wazee wa umri huo mtaani kwako, kisha ujiulize hao sita wako wapi. Wako ndani.

Dawa ya kuuponya kabisa haijapatikana. Lakini haina maana kwamba hakuna la kufanya. Mwaka 2024 jopo la wataalamu la jarida la tiba la Lancet lilitaja mambo 14 yanayochangia ugonjwa huu, likasema kuwa karibu nusu ya wagonjwa wangeweza kukingwa au kucheleweshewa kama mambo hayo yangeshughulikiwa. Miongoni mwake ni shinikizo la damu, kisukari, uvutaji wa sigara, kupungua kwa usikivu, kukosa elimu utotoni na upweke. Bibi alikuwa na presha miaka mingi, na dawa alikuwa akimeza pale kichwa kinapouma.

Kalamu iko kwa nani?

Muislamu hana sababu ya kushangazwa na hali hii. Qur'an imeitaja mara mbili, katika Surat An-Nahl aya ya 70 na Surat Al-Hajj aya ya 5, kwamba wapo miongoni mwetu watakaorudishwa kwenye umri dhaifu kabisa, hata wasijue kitu baada ya kuwa walijua. Na Mtume (s.a.w.) alikuwa akiomba kinga kwa Allah asirudishwe kwenye umri huo. Jambo ambalo Mtume aliliomba kinga si la kuchekwa, wala si alama ya uchawi, wala si adhabu kwa mtu mwovu. Ni mtihani.

Lakini ni mtihani wa nani? Hapa ndipo penye kiini cha mazungumzo yetu. Tunajua Hadithi iliyopokewa na Abu Dawud na wengineo kwamba kalamu imeinuliwa kwa watu watatu: aliyelala mpaka aamke, mtoto mpaka abaleghe, na asiye na akili mpaka akili imrudie. Wanazuoni wamemuingiza katika hukumu hii mzee aliyepotewa na akili. Kwa hiyo bibi alipoacha kuswali, hakuandikiwa kosa. Alipomtukana mama mdogo kwa maneno ambayo hatukuwahi kuyasikia kinywani mwake, hakuandikiwa. Alipokula mchana wa Ramadhani, hakuandikiwa.

Kalamu imeinuliwa kwake. Haijainuliwa kwetu. Kila siku ya miaka ile minne, malaika walikuwa wakiandika katika nyumba ile, lakini si matendo ya bibi. Waliandika ya mama mdogo aliyekuwa akifua mashuka saa tisa za usiku. Na waliandika ya sisi wengine, tuliokuwa tukipita kusalimia siku ya Idd, tukikaa robo saa na kutoka haraka kwa kisingizio kwamba "hata hivyo hatujui tena." Ni kweli, yeye alikuwa hatujui. Lakini sisi tulikuwa tunamjua.

Tena Surat Al-Israa, katika aya ya 23 na 24, inapokataza kumwambia mzazi hata neno la kuonyesha kuchoka, inataja wazi kabisa hali ya kufikia uzee akiwa mikononi mwetu. Haikuweka sharti kwamba awe bado anatukumbuka, wala kwamba awe na shukrani.

Na kuna wanaofanya baya zaidi ya kutoroka. Kuna wazee waliowekewa karatasi mbele yao, wakashikwa kidole gumba na kukigandamiza kwenye hati ya kuuza kiwanja au shamba la mikorosho, hali hawajui hata ni siku gani. Surat Al-Baqara aya ya 282 imeagiza kwamba aliye dhaifu asiyeweza kujisemea, asemewe na msimamizi wake kwa uadilifu. Kidole cha mzee hakitaulizwa. Aliyekishika ataulizwa.

Je, sadaka ya baada ya kufa inafika?

Turudi barazani. Swali la kwanza lilikuwa kama sadaka ile itamfaa bibi. Katika hili hakuna ugomvi. Simo katika mjadala wa khitma na arobaini, ambao kila msikiti una kauli yake. Lakini kuhusu sadaka kwa ajili ya maiti, Bukhari amepokea habari ya mtu aliyemuuliza Mtume (s.a.w.) kama mama yake aliyefariki ghafla atapata malipo akimtolea sadaka, akajibiwa ndiyo. Na amepokea habari ya Saad bin Ubada (r.a.) aliyeitoa bustani yake kuwa sadaka kwa ajili ya mama yake. Bibi naye ni mama.

Swali la pili ndilo gumu, na hakuna aliyelitamka waziwazi isipokuwa mama mdogo kwa lile neno lake la pampasi. Je, ni haki kuchangisha fedha kwa jina la mtu ambaye tulimtelekeza akiwa hai? Je, sadaka hiyo si hongo tunayoipa dhamiri yetu? Nimelitafakari sana. Nakiri kwamba kuna sadaka za namna hiyo. Mtu anamnyima mama yake chai, kisha anachinja ng'ombe siku ya arobaini ili majirani waseme ana mapenzi. Ng'ombe yule ni wa majirani, si wa mama.

Hata hivyo, siamini kwamba aliyechelewa afungiwe mlango. Deni la bibi haliwezi kulipwa kwa bibi tena, ila lipo pa kulilipa. Muslim amepokea habari ya Abdullah bin Umar (r.a.) kwamba akiwa njiani kwenda Makka alikutana na bedui mmoja, akampa punda aliyekuwa akimpanda na kilemba cha kichwani mwake. Wenzake wakashangaa, wakasema watu hawa wa jangwani huridhika na kidogo. Akawaambia kwamba baba wa bedui yule alikuwa rafiki wa baba yake, Umar, na kwamba alimsikia Mtume (s.a.w.) akisema wema ulio bora ni mtu kuwaunga wale aliowapenda baba yake.

Angalia jinsi wema ulivyovuka. Umar amekufa, rafiki yake pengine naye amekufa, lakini punda amefika kwa mtoto wa rafiki. Sasa, ni nani wenzake bibi? Ni wale wanaotembea leo katika giza alilotembea yeye. Anayemsitiri mmoja wao amemuunga bibi. Kwa mtazamo huu, kuchangisha kwa ajili ya wagonjwa wa demensia kwa kumbukumbu ya bibi ni birri ile ile iliyovaa nguo ya leo.

Ya kuiga Wazungu?

Wanaosema kuwa haya ni mambo ya Ulaya wana chembe ya ukweli. Nchini Uingereza kuna chama kiitwacho Alzheimer's Society, kilichoanzishwa mwaka 1979, na watu wa kawaida hukimbia mbio au hutembea kwa jina la bibi au babu yao ili kukichangia. Jirani zetu wa Kenya nao wana chama chao cha wagonjwa hawa na walezi wao. Tarehe 21 Septemba kila mwaka ni siku ya ugonjwa huu duniani.

Lakini aliyesoma historia ya Uislamu hataona ugeni wowote. Mwaka 1284 Sultani Qalawun alijenga Cairo hospitali kubwa iliyoendeshwa kwa mali ya waqfu, ambamo maskini na tajiri walitibiwa bila malipo, na waliougua akili walitengewa sehemu yao. Fedha za kuiendesha zilitoka kwenye maduka na majumba yaliyowekwa wakfu. Kama tumesahau tulikotoka, basi na sisi tuna aina yetu ya demensia.

Kuhusu kumvua nguo bibi, hoja ile ina uzito. Aibu za mzee asiyejitambua ni amana, na anayezipiga picha na kuzirusha kwenye simu za watu amekhini amana hiyo. Lakini ipo tofauti kati ya kufichua aibu ya mtu na kulitaja jina la maradhi. Tulipoficha jina la maradhi, nafasi yake ilichukuliwa na jina jingine, uchawi. Hilo ndilo lililokaribia kumuua. Siri yetu haikumsitiri bibi. Koti la yule mzee ndilo lililomsitiri.

Tulichofanya

Mwishowe kikao kilikubaliana. Shilingi 400,000 zikaenda kwenye chakula, wakaalikwa majirani na watoto wa madrasa. Zikabaki 940,000. Sisi hatukuwa tukijua chama chochote cha kupelekea fedha hizo, basi tukaanza na tunachokijua. Mama mdogo ndiye aliyetupeleka.

Mitaa miwili kutoka kwetu kuna mzee anayefungwa kamba mguuni kila asubuhi. Anayemfunga ni binti yake, ambaye anauza samaki sokoni. Tulipofika, yule dada alificha kamba nyuma ya mlango. Mama mdogo akamwambia: "Usiifiche mwanangu, mimi nilifunga mlango kwa kufuli." Wakashikana mikono wakalia wote wawili. Sisi wanaume tulitazama chini.

Nami nilikuwa nimekwenda nikiwa tayari kulaumu. Lakini dada yule asipouza samaki, baba hali. Akimwacha bila kamba, ataishia barabarani au mbele ya vijana wenye matofali. Ni nani aliyemfunga mzee yule? Ni kamba ya binti, au ni sisi wenye mtaa tuliomwacha peke yake?

Tukapata mama mmoja jirani, mjane, aliyekubali kukaa na mzee kuanzia asubuhi mpaka Adhuhuri kwa shilingi 3,000 kwa siku. Mwalimu akapiga hesabu: siku 313, na inabaki shilingi elfu moja. Mjomba akasema hiyo ni idadi ya watu wa Badr, na kwa mara ya kwanza tangu msibani tukamuona anacheka. Kamba imefunguliwa. Ile elfu moja ilinunua daftari la hesabu, ambalo yeyote aliyechanga anaweza kuja kulisoma, kwa sababu fedha ya marehemu ikiliwa ni moto tumboni.

Siku hizo 313 zitakwisha. Kwa hiyo nina maombi matatu kwa ndugu zangu Waislamu wa hapa Mtwara na kwingineko. Maimamu wetu waliseme jambo hili kwenye khutba ya Ijumaa, kwamba mzee aliyepotea usiku ni mgonjwa, asindikizwe kwao. Familia zinazopanga khitma zitenge walau sehemu ya michango kwa mlezi mmoja mtaani anayehitaji mapumziko ya asubuhi moja. Na kila mwenye mzazi au bibi aliye hai ampeleke akapimwe presha na kisukari, kisha asimamie dawa zinywewe. Haya hayahitaji kusubiri mfadhili.

Kwa mwenye mzee ndani ambaye hamjui tena, nakuomba jambo moja la ziada. Usisubiri daftari la mjomba. Nenda leo, kaa naye zaidi ya robo saa. Akikuuliza wewe nani, mjibu. Akikuuliza tena, mjibu tena. Ulipokuwa mdogo ulimuuliza yeye maswali mangapi?

Ewe Mola wetu, warehemu wazee wetu kama walivyotulea tukiwa wadogo hatujui kitu. Utukinge na umri dhaifu, na ukituandikia, basi utujaalie wenye kutusitiri. Amin.